Mahali Uliposimama Kando ya Mto

Mpendwa Baba,

Umesimama kando ya mto miaka mingi sana, upande wa kushoto, pale ngazi za mawe zinaposhuka majini. Umevaa kofia yako ile ile. Mkono mmoja uko mfukoni, wa pili umeshika kitu ambacho Mama alisema ni fimbo na mimi nikabisha kwamba ni ndoano. Mbele yako kuna mashua tupu. Nyuma yako mji mzima umekaa kimya, na wala hugeuki kuutazama.

Najua ukisoma hivyo utasema huyu mtoto amerukwa na akili. Ngoja nikueleze. Ninasema juu ya picha, picha ya zamani ya mji ulio kando ya mto, ambayo Mama aliitundika katika nyumba yetu ya udongo kule Rubondo, ndani ya kambi ya Nakivale, na jinsi picha hiyo ilivyokaribia kuninyima ndoa. Sijui barua hii niipeleke wapi. Kwa hiyo ninaiandika wazi, wasome wanaotaka, labda mmoja wao alikuwa nawe siku zako za mwisho.

Nianzie pale ulipotuacha. Ilikuwa 1996, vita vimeingia kwetu Kongo, na mimi nilikuwa mtoto wa kushika shati. Wewe mwenyewe ulinizoesha. Tukienda sokoni Baraka ulikuwa unasema, "Sifa, shika mkia wa shati," nami nashika, watu wanatusukuma huku na huku, lakini mimi siachii. Mashati yako yote yalilegea nyuma kwa ajili yangu. Mama alikuwa akiyapiga pasi ananung'unika kwamba mume wake anatembea kama mtu aliyeponyoka kwenye ugomvi, na wewe ulikuwa unacheka tu.

Siku ya kukimbia nilishika hivyo hivyo mpaka mto Mutambala. Pale mkaongea na Mama kwa sauti ya chini, na mimi nikasikia jina la Koko. Mama yako huyo alikuwa amebaki nyumbani kwa sababu ya miguu yake, na wewe ulitaka kurudi umbebe. Ukachuchumaa mbele yangu. Ukanifungua vidole, kimoja kimoja, ukavitoa kwenye shati lako na kuviweka kwenye kitenge cha Mama.

"Shika hapa sasa," ulisema. "Mimi niko nyuma yenu."

Tukapanda mtumbwi. Tulipofika ng'ambo niligeuka, nikakuona bado umesimama ukingoni, na kofia yako ya majani, mkono mmoja mfukoni, unangoja tupotee machoni ndipo urudi. Mimi sikutaka kupotea. Mama alinivuta.

Mengine utayakisia. Tulivuka ziwa, tukakaa Tanzania, tukahama kambi, tukapanda malori, na mwishowe tukafika Uganda, tukapewa kiwanja Rubondo. Mama alijenga kwa mikono yake na mikono ya watu wa kanisa. Alipanda mahindi na maharage, na mihogo michache ya kujikumbusha nyumbani, ingawa udongo wa huku haupendi mihogo kama wa kwetu. Hatukuwa na kitu chako hata kimoja. Picha zetu zote zilibaki katika ile albamu nyekundu chini ya kitanda, unaikumbuka, ile uliyoninunulia pipi siku ulipoileta ili nisiiguse kwa mikono michafu, halafu nikaigusa kwa mikono yenye pipi.

Wakati wa kiangazi, shamba likiwa halina kazi, tulikuwa tunakwenda Mbarara. Tulilala kwa mama mmoja wa kanisa letu, na mchana tulifua nguo kwenye nyumba za wanajeshi karibu na kambi ya jeshi. Mama Keni, mke wa sajenti mmoja, ndiye aliyetupenda zaidi. Alikuwa Mganda mnene, mwenye kelele nyingi na moyo mweupe, Kiswahili chake ni kile cha jeshini, kinatoka moja kwa moja bila kupiga kona. Siku moja tukamkuta anafunga mizigo. Mume wake alikuwa amehamishiwa kaskazini na lori la jeshi lilikuwa limesimama mlangoni, limejaa magodoro mpaka juu. Akatupa sufuria, akatupa ndoo, halafu akashusha ukutani picha moja ndani ya fremu ya mbao. Alisema waliikuta pale walipohamia, na waliotangulia nao waliikuta.

"Nyabo, mama, chukua na hii," alimwambia Mama. "Mimi siitaki. Picha gani hii haina mtu?"

Mama akaifuta vumbi kwa kiganja. Akaangalia muda mrefu, mpaka dereva akapiga honi. Kisha akaweka kidole kwenye kioo, chini, upande wa kushoto.

"Mutu ako," alisema. "Ule pale."

Baba, kusema kweli hata mimi nilishtuka. Ulikuwa mdogo kama punje ya mtama, lakini kofia ilikuwa yako na kusimama kulikuwa kwako, bega moja limeshuka kidogo. Mama Keni aliinama, akakutazama, akacheka, akasema haya, basi mpelekeni mtu wenu nyumbani.

Tuliondoka na picha imefungwa kwenye shuka. Njiani tulipita juu ya daraja la mto Rwizi, na Mama akasimama katikati ya watu na pikipiki, akaifungua shuka, akalinganisha. Mto ulikuwa wa kahawia. Vijana walikuwa wanaosha pikipiki ukingoni, mafunjo yalikuwa yamejaa, na juu ya kilima kulikuwa na mapaa ya bati yanayong'aa. Mama alitazama mto, akatazama picha, akatazama tena mto. Mimi niliona haya, watu walikuwa wanatuangalia. "Siyo huu," akasema, akaifunga tena, tukaendelea na safari yetu kama watu waliokosea nyumba.

Nikuelezee mji wenyewe, maana umesimama umeupa mgongo. Hauna rangi. Umechorwa kwa mistari myeusi, myembamba kama unywele, na palipo na kivuli mistari imesongamana mpaka inakuwa giza. Kuna daraja la mawe lenye matao, mnara wa kanisa, nyumba ndefu zilizobanana zenye mapaa yaliyochongoka, na kila paa lina bomba lake la moshi. Nyumba zote zinajitazama majini, na maji hayana hata wimbi. Mwalimu wangu wa sanaa wa sekondari alikuja kuiona siku moja, akaniambia picha za namna hiyo zilichorwa kwa sindano juu ya bamba la shaba, bamba likachovywa kwenye tindikali, kisha likapakwa wino na kupigwa chapa, na kwamba hii ni ya Ulaya ya karne ya kumi na tisa. Mto gani, mji gani, hakujua. Nilimshukuru. Mama alimkaribisha chai, alipoondoka akaniambia mwalimu wako ni mtu mzuri, lakini hajui kuangalia.

Unajua desturi yetu, Baba. Mgeni akiingia nyumbani, chakula kikiwa bado jikoni, anapewa albamu ashike magotini. Anafungua, anauliza huyu nani, yule nani, na mpaka ugali uive amekwisha kuwa ndugu. Nyumba isiyo na albamu inamwacha mgeni anaangalia kuku. Mama hakuweza kuvumilia aibu hiyo. Kwa hiyo akaanza kuishusha picha kwenye msumari, anaifuta kwa upindo wa kitenge, anamwekea mgeni magotini. "Hapa ni kwetu," anasema. Halafu anaanza. Hii nyumba ya kwanza ni ya shangazi. Hii yenye dirisha wazi ni yetu, tumeacha wazi kwa sababu ya joto. Kanisani huko kwaya inafanya mazoezi, ndiyo maana njiani hakuna watu. Na huyu ni Baba Sifa, anangoja mashua.

Wageni walijua, usidhani ni wajinga. Walikuwa wameona nyumba za Baraka na za Uvira, na hakuna hata moja iliyofanana na zile. Lakini hakuna aliyebisha. Mmoja anauliza, na ile nyumba karibu na daraja, ni ya nani? Mama anasema haina mtu. Mgeni anasema basi tuwekee sisi. Hivyo ndivyo Rubondo ilivyohamia katika mji ule, mlango kwa mlango. Akina Mama Neema, jirani zetu, walichukua nyumba yenye mabomba mawili. Mchungaji alipewa ile iliyoegemea kanisa, akaomba na bustani, Mama akamwonyesha mahali penye mistari mingi akasema hiyo ni migomba. Mama Neema alipokorofishana na Mama juu ya mbuzi aliyekula maharage yetu, Mama alimtoa kwenye nyumba yake siku hiyo hiyo. Alimtangazia kwenye kisima, mbele ya wanawake wote wenye madumu. Mama Neema alilia kweli. Walipopatana, alirudi na kikapu cha mihogo, na kitu cha kwanza alichouliza ni kama nyumba bado iko wazi.

Watu walipopata safari za kwenda Amerika na Australia, walikuja kuaga, na Mama alikuwa anawaahidi kwamba madirisha yao hayataguswa. Mji ukabaki na nyumba zilizofungwa, huku nasi tunaendelea kuishi humo.

Mchana, jua likiwa kali na tumetoka kulima, tulilala juu ya mkeka mimi na Mama, picha imesimama mbele yetu ukutani. "Leo tunapitia wapi?" aliniuliza. Nikasema tupitie darajani. Tukaenda. Tulitembea polepole, yeye anataja kila mlango, mimi ninasikia mawe ya baridi chini ya nyayo zangu ambazo dakika chache kabla zilikuwa kwenye matope ya shamba. Hakuna mtoto aliyelia katika mji ule. Hakuna aliyepiga risasi. Hali ya hewa ilikuwa ile ile siku zote, kama mvua imekatika sasa hivi na watu hawajatoka bado. Tulishuka ngazi za mawe mpaka karibu kabisa na wewe, na hapo ndipo siku zote nilipopata usingizi, kabla sijakugusa shati. Nilipoamka Mama alikuwa amekwisha kutoka kuchota maji.

Ninakumbuka mambo hayo kwa raha, Baba, nisikudanganye. Nililelewa vizuri ndani ya mji huo. Shida ilikuja na Samweli.

Samweli ni fundi cherehani. Wazazi wake ni wa Uvira, wana kiwanja chao pale pale Rubondo, yeye mwenyewe ana cherehani yake Mbarara. Ana maneno machache na mikono mizuri. Alinishonea sketi, ikanibana, akaifumua akashona tena, ikanibana tena, mpaka nikaelewa kwamba huyu mtu hana shida ya vipimo, anatafuta sababu ya mimi kurudi. Tukapendana. Wazee wake wakatuma mtu kuuliza mahari ipelekwe lini, na ipokelewe na nani.

Na nani. Hapo ndipo tuliponasa. Kwetu mahari ya binti anapokea baba yake, amekaa kwenye kiti chake. Baba akiwa amekufa na matanga yake yameondolewa, anakaa ndugu yake. Baba mdogo Yona, mdogo wako, yuko Oruchinga, kambi ile ndogo ya jirani, naye alikuja kwa pikipiki siku alipoitwa, amevaa koti licha ya jua. Tulimpa chai. Mama akamwekea picha magotini kama kawaida, na yeye akaiweka chini pembeni, taratibu, uso juu.

"Shemeji," alisema, "mimi siwezi kukalia kiti ya kaka yangu kama angali muzima. Na kama alikufa, tumulilie kwanza. Fasi ya katikati haiko."

Mama aliiokota picha, akaipiga vumbi ambalo halikuwepo.

"Mutu mwenye naonaka kila siku," alijibu, "nitamulilia namna gani?"

Baba mdogo alijaribu kwa upole, halafu kwa ukali. Alisema wewe ni damu yake, naye ameona uchungu kama sisi. Alisema miaka imepita mingi, hakuna mtu wa kwetu Fizi aliyefika Nakivale akasema amekuona, na kwamba mtoto ataharibikiwa. Mama aliinuka, akairudisha picha msumarini, akasimama mbele yake amekunja mikono. Akasema kuanzia leo hakuna mtu wa kuigusa, hata yeye mwenyewe. Na kweli hakuishusha tena. Wageni walikuja wakaangalia kuku.

Miezi ikapita. Samweli alikuwa anakuja Jumapili baada ya ibada, tunakaa nje kwenye benchi tunamenya njugu. Wazee wake walikuwa wameanza kumtajia binti mwingine, wa watu wenye baba anayeonekana. Kuna mjomba wake alisema hadharani kwamba hatuwezi kuoa katika nyumba inayoishi ndani ya picha. Samweli alinieleza yote bila kuficha, macho chini.

"Mimi nitakungoja, Sifa," alisema. "Lakini wazee wangu, sijui."

Siku hiyo nilikuchukia. Ninakuambia wazi kwa sababu sina mwingine wa kumwambia. Niliingia ndani, nikakusimamia usoni, wewe na kofia yako na mashua yako isiyokuja, nikakuuliza unangoja nini. Panda! Au geuka urudi mjini, nyumba yetu iko wazi, dirisha unaliona. Mtu gani anasimama mahali pamoja wakati binti yake anazeeka kwenye benchi? Mama alikuwa mlangoni amesikia kila neno. Hakunigombeza. Alinipa bakuli la maharage nichambue, naye akakaa kando yangu tukachambua wote, na machozi yangu yalikuwa yanaanguka humo humo.

Sikutaka ufe, Baba. Nilitaka uwe mahali fulani.

Mvua za msimu huo zilikuwa mbaya. Maji yalipasua ukuta wa upande wa picha, ufa ukapanda kutoka chini mpaka usawa wa macho, na ikabidi tuukandike upya kabla nyumba haijatuangukia. Asubuhi moja ya jua tulichanganya udongo na kinyesi cha ng'ombe tulichokileta kutoka Masha, nje ya kambi, Mama Neema akaja kusaidia. Picha ilipaswa kushuka. Mama alinawa mikono kwanza, akaikausha kwa kitenge, akaishika fremu kwa pande zote mbili na kuivuta. Haikutoka. Akavuta tena, na ikatoka na kipande cha ukuta.

Mchwa walikuwa wamepita. Walikuwa wamejenga njia yao ya udongo kutoka kwenye ufa mpaka kwenye kadibodi ya nyuma, na kwa sababu hakuna aliyekuwa anaishusha wala kuifuta, walikula kwa raha zao. Mama aliigeuza. Kioo kilikuwa kizima. Mnara ulikuwepo, daraja lilikuwepo, nyumba zote zilikuwepo na mabomba yake, hata mashua ilikuwepo. Chini kushoto, kwenye ngazi za mawe, palikuwa na tundu. Hukuwepo.

Mama Neema aliweka mkono mdomoni. Mimi nilimwangalia Mama, nikijitayarisha kumshika asianguke. Lakini alikaa chini mwenyewe, polepole, picha magotini kama mgeni, akapitisha kidole kwenye kioo juu ya mahali pale, akarudia, akarudia. Kuku walikuwa wanakanyaga udongo wetu na hakuna aliyewafukuza.

"Amechoka kungoja pale," alisema. "Tumuache aende."

Kisha akalia. Baba, sikuwahi kumsikia Mama akilia tangu mtoni. Alilia kwa sauti ya kwetu, ile ya kuita jina, akaita jina lako la utotoni ambalo mimi nilikuwa silijui, na wanawake wa viwanja vya jirani wakaacha majembe wakaja mbio, wakajua bila kuuliza, wakaketi, wakalia naye. Ndivyo kilio chako kilivyoanza, katikati ya asubuhi, kwenye ukuta ulioachwa nusu.

Baba mdogo alifika kesho yake na shina la mgomba kwenye pikipiki, amelinunua kwa mkulima wa Masha. Alitaka tulizike badala yako kama wazee walivyowafanyia waliopotea majini, na mchungaji alikuwa anatafuta namna ya kukataa bila kumuudhi. Mama akawaambia wote wawili wasisumbuke. Alikuwa amekung'uta nyuma ya picha, akakusanya ule udongo wa mchwa, wote, akaufunga kwenye kitambaa cha kichwa chake kizuri cha Jumapili.

"Yeye ni huyu," alisema, akamkabidhi Baba mdogo.

Hakuna aliyecheka. Baba mdogo, mtu mkali yule, alikipokea kile kifurushi kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto mchanga. Tulikuzika nyuma ya nyumba, upande wa mihogo. Mchungaji aliomba. Akina Mama Neema waliimba mpaka sauti zikakauka. Watu walilala kwetu, wakapika, wakasimulia habari zako, na mimi nikasikia mambo ambayo sikuyajua, kwamba ulikuwa unaogopa bata, kwamba ulipomchumbia Mama ulianguka na baiskeli mbele ya wakwe zako. Nilicheka kwenye matanga yako, Baba, na hakuna aliyenikataza.

Matanga yalipoondolewa, wazee wa Samweli walikuja. Baba mdogo alikaa kwenye kiti chako, akapokea kwa niaba yako, akawasumbua sana juu ya mbuzi mmoja aliyekuwa anachechemea. Ungefurahi. Siku niliyotoka nyumbani nilijikuta nimeshika kitenge cha Mama pale mlangoni, mimi mtu mzima niliyevaa shela, na gari linangoja. Mama alinifungua vidole. Alivifungua kimoja kimoja, kama wewe, kisha akaingia ndani, akatoka na picha imefungwa kwenye shuka, akaniwekea mikononi.

Sasa iko Mbarara, katika chumba chetu tulichopanga, si mbali na kambi ya jeshi. Mama amebaki Rubondo. Ukuta wake umekandikwa vizuri na hauna kitu, anasema anaupenda hivyo, na mchana akipumzika anakaa nje upande wa mihogo. Samweli alitaka kuziba tundu. Nilimkatalia, tukaelewana aweke kitambaa cheupe nyuma yake, na sasa pale uliposimama panaonekana kama ukungu umepanda kutoka majini. Jioni kabla taa hazijawashwa ninaitazama nikiwa ninachambua mchele. Bado ninapita darajani. Bado ninajua milango yote. Nikishuka zile ngazi ninafika mpaka chini, maji yametulia, mashua iko, na mimi ninakaa kwenye jiwe nimenyoosha miguu.

Wiki iliyopita nilipata mgeni wangu wa kwanza, mke wa mwanajeshi wa chumba cha pili, msichana wa Kinyankore aliyetoka kwao juzi tu na hajazoea mji. Sosi ya maharage ilikuwa bado jikoni. Niliishusha picha msumarini, nikaifuta kwa upindo wa kitenge, nikamwekea magotini. Aliigeuza huku na huku, akaangalia nyumba, akaangalia mto, akatafuta.

"Dada, picha gani hii haina mtu?" aliniuliza.

Niliweka kidole kwenye ule weupe.

"Alikuwako," nikamwambia. "Baba yangu."

Alisema pole. Nikasema asante. Halafu akaniuliza ile nyumba karibu na daraja ni ya nani, nikamwambia kwa sasa haina mtu.

Haya, Baba. Vidole vyangu haviko tena kwenye shati lako, unaweza kutembea. Msalimie Koko. Mwambie tulikuwa tunajua siku zote kwamba ulimrudia yeye, na kwamba Mama hajawahi kukulaumu, na mimi nimeacha.

Mtoto wako wa kushika shati,
Sifa